Tanuru ya Nebukadreza bila kiberiti

SWALI: Naongoza kikundi cha maigizo cha vijana kanisani kwetu Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Mwezi wa nane tuna kongamano, na tumechagua Danieli sura ya tatu. Mwaka jana tulipoigiza habari ya Musa na kijiti tulitundika vitambaa vyekundu, watu wakacheka mpaka mhubiri akashindwa kuendelea. Safari hii vijana wanataka moto wenyewe: karai la petroli nyuma ya ukuta wa mabati, na mmoja wao anajua kupuliza mafuta ya taa kwa mdomo. Mchungaji hajakataa, ila amesema tuulize kwanza. Kanisa letu ni la mabati, ndani limepambwa kwa satini kuanzia darini, na tuna shilingi laki tatu. Je, tunaweza kupata moto unaoaminika bila kumchoma mtu?

JIBU: Mnaweza, ndugu yangu, na laki tatu zinatosha mkiwa tayari kukodi na kuazima. Mchungaji wenu mpeni soda kwa neno lile la “tuulize kwanza”.

Kabla ya kugusa vifaa, kaeni na vijana mwisome tena sura hiyo kama waigizaji. Kuna nini hasa cha kuonekana? Tanuru inachochewa mara saba kuliko desturi. Askari wanaowatupa Shadraka, Meshaki na Abednego wanauawa na mwali wakiwa mlangoni tu. Wale watatu wanaanguka ndani wakiwa wamefungwa. Kisha mfalme anachungulia, anaona watu wanne, wamefunguliwa, wanatembea ndani ya moto. Mwishoni wanatoka, nywele hazijaungua, hata harufu ya moto hawana. Hesabuni matukio hayo, kisha muulizeni kijana wa karai la petroli: kati ya hayo, lipi ataliigiza? Moto wake hauingiliki. Itabidi waigizaji wakae mbali nao, na hadhira itaona moto upande mmoja na vijana watatu wamesimama salama upande wa pili. Hapo hakuna muujiza. Hadithi hii inadai moto ambao mtu ataingia, atatembea, ataimba ndani yake, na moto wa namna hiyo ni wa bandia peke yake. Hoja hii huwaingia vijana haraka kuliko hotuba ya hatari, kwa sababu inawagusa kwenye sanaa yao.

Hata hivyo hatari ielezwe, tena kwa undani, maana Malaba mmezoea petroli kupita kiasi. Malori ya mafuta yanalala mlangoni kwenu na mitungi inapita kwenye bodaboda, kwa hiyo kijana anaiona petroli kama maji. Kinachowaka kwenye petroli ni mvuke wake, na mvuke huo hutoka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwenye kanisa la mabati lililopigwa jua tangu asubuhi utatoka kwa wingi. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautapanda juu ukajitokea dirishani. Utatambaa sakafuni, chini ya viti vya plastiki, hadi ukutane na cheche ya soketi au ya swichi hatua kadhaa kutoka kwenye karai. Na ukishawaka hauzimiki kwa amri ya mwongozaji. Mtu akimwagia ndoo ya maji, petroli inaelea juu ya maji na moto unasafiri nayo.

Kupuliza mafuta ya taa ni balaa lake peke yake. Tone moja likiingia kwenye njia ya hewa badala ya kutoka nje, mapafu yanavimba, na mtu anaweza kulazwa siku nyingi bila hata kuungua ngozi. Matone mengine hubaki kidevuni na kifuani mwa shati, na moto hufuata njia ileile uliyotokea. Wale mnaowaona wakifanya hivyo kwenye maonyesho barabarani wengi wana makovu wasiyoyaonyesha. Mpeni kijana huyo nafasi ya mkuu wa askari. Mtu mwenye kifua cha kupuliza vile atapiga kelele vizuri.

Mkishakataa petroli watakuja na mawazo mengine, na afadhali myajue mapema. Watasema unga: ukiurusha juu ya mwenge unatoa mpira mzuri wa moto. Ni kweli unatoa, kwa sababu chembe ndogo zikitawanyika hewani kila moja inazungukwa na hewa yake, na zote zinawaka kwa mpigo. Huko Taiwan, tarehe 27 Juni 2015, watu walirushiwa unga wa rangi wa kusherehekea, ambao kiini chake ni wanga wa mahindi, kwenye bustani ya burudani. Unga ukashika moto. Watu 15 walikufa na karibu 500 walijeruhiwa. Hiyo ni jamaa ya posho, yaani ugali, mnayokula mchana. Watasema spiriti au dawa ya kusafishia mikono: mwali wake karibu hauonekani mahali penye mwanga mkali, kwa hiyo hadhira haitauona, na aliyeshika naye hatajua kwamba mkono wake unawaka.

Watasema fataki. Hizo hapa kwetu Uganda ni mambo ya kibali cha polisi, na kila mwisho wa mwaka polisi hutangaza kumbi zilizoruhusiwa. Hata kwa kibali, ndani ya nyumba sizitaki. Tarehe 20 Februari 2003, kwenye klabu moja huko West Warwick, Rhode Island, Marekani, cheche za bendi zilidaka sponji ya ukutani na watu 100 wakafa. Santa Maria, Brazili, 27 Januari 2013, ikawa hivyohivyo: fataki, sponji ya dari, watu 242. Sasa inueni macho mtazame satini yenu. Kitambaa cha poliesta kikishika moto kinayeyuka, na matone yake yanaanguka yakiwaka juu ya waliokaa chini.

Basi tuingie kwenye kazi. Vitambaa vyenu vya mwaka jana vilichekesha kwa sababu mbili: vilikuwa vyekundu, na vilining’inia. Moto hauning’inii, unapanda. Na kitambaa chekundu kikimulikwa hubaki kitambaa chekundu tu. Mnataka kitambaa cheupe, chepesi sana, kinachosukumwa na upepo kutoka chini na kupata rangi yake yote kwenye taa.

Mwambieni seremala awatengenezee sanduku la plaiwudi lisilo na mfuniko, urefu mita moja na nusu, upana sentimita 30 hivi, kimo sentimita 40. Chini atoboe matundu makubwa, kisha aliinue kwa vipande vya mbao sentimita tano au sita kutoka sakafuni ili feni zipate hewa ya kuvuta. Bila matundu hayo feni itanguruma na kitambaa hakitanyanyuka, na mtamlaumu fundi wa feni bure. Ndani lazeni chali feni mbili ndogo za mezani, zipulize juu, mzifunge zisitembee. Juu yake tandazeni waya wa kuku, usije ukaingia upindo wa kanzu au kidole cha mtoto. Sentimita 15 au 20 juu ya feni pitisheni waya mbili kutoka upande mmoja wa sanduku hadi mwingine. Huko ndiko ndimi za moto zitafungwa.

Kitambaa kitafuteni kwenye mitumba: skafu za hariri, shifoni, au bitana nyepesi kabisa. Kipimo ni pumzi yako. Kishike kwa ncha mbili, puliza kwa chini. Kikinyanyuka kwa pumzi kitanyanyuka kwa feni, kisiponyanyuka kirudishe mezani kwa mwenye duka. Kateni vipande vyenye upana wa kiganja kwenye shina, virefu kati ya sentimita 40 na 70, vikipungua kuelekea ncha. Visiwe pembetatu zilizonyooka kama bendera za harusi. Upande mmoja upinde, mwingine uchanike kidogo, na visilingane urefu. Waya wa nyuma fungeni virefu, wa mbele vifupi, vipishane ili pengo la mbele lizibwe na ulimi wa nyuma. Washeni feni kabla ya kufunga vyote. Mara nyingi vipande vichache vinacheza vizuri kuliko vingi, maana vikisongamana vinanasana na kuwa fundo.

Taa za sanduku hili ziwe za LED, nazo ziwekwe ndani, pembeni, zikimulika juu: rangi ya machungwa kwa wingi, nyekundu kidogo, na ya njano moja katikati. Mtazameni moto wa jiko la kuni jikoni kwenu usiku. Shina la mwali ni jeupe-njano, wekundu uko nchani, na mwanga unapungua kadiri unavyopanda. Taa ikiwa chini, jambo hilo linajitengeneza lenyewe. Msitumie zile taa kubwa za halojeni za mafundi wa ujenzi. Zinachoma kitambaa kilicho karibu bila kuhitaji kiberiti, na hadithi ya taa kuunguza jukwaa ni ya zamani: ukumbi wa Iroquois, Chicago, 30 Desemba 1903, uliwaka kutokana na taa ya jukwaa iliyodaka pazia, wakafa watu 602.

Tengenezeni masanduku matatu ya namna hiyo: mawili mbele na moja nyuma, waigizaji katikati, na uso wa kila sanduku upakwe mfano wa matofali. Hiyo ndiyo tanuru yenu, na watu wanne wanaweza kutembea humo wakigusa “mwali” kwa mikono.

Lakini sanduku ni nusu ndogo ya kazi. Hadhira huamini moto kwa kuangalia kile unachokimulika: uso wa mfalme, ukuta wa nyuma, jasho la askari. Kikundi kinachonunua ndimi za kitambaa na kusahau nyuso kimetengeneza pambo. Kodini taa tatu au nne za rangi za LED kwa mwenye muziki wa harusi, zile anazowekea wachezaji dansi. Mbili ziwekeni sakafuni mbele ya tanuru, zikimulika juu kwenye nyuso. Moja itupe mwanga kwenye ukuta wa nyuma ili vivuli vya waigizaji viwe vikubwa na vitikisike. Mwanga unaotoka chini humbadilisha mtu papo hapo, hata kabla hajasema neno.

Sasa mtikisiko. Taa zote zikicheza pamoja, hadhira inaona taa mbovu. Kila moja icheze kwa mwendo wake, na isizimike kabisa: ishuke hadi nusu, ipande, ishuke tena, bila mpangilio. Kama taa mlizokodi hazina kidhibiti, chukueni fimbo, fungeni riboni nyeusi za kitambaa nchani, na kijana mmoja kwa kila taa atikise fimbo hiyo mbele ya mwanga. Kazi hiyo inachosha mkono, kwa hiyo wapeni watu wenye subira. Ile hali ya kumulika kwa vipigo ambayo wenye muziki wanaipenda ikataeni. Vipigo zaidi ya vitatu kwa sekunde, hasa vyekundu, vinaweza kumwangusha mwenye kifafa, na kwenye kongamano la vijana hamjui nani yuko mstari wa tatu.

Yote hayo yanategemea giza. Zimeni zile taa nyeupe za dari, zinazoandikwa Kelvini 6,500 (kipimo cha rangi ya mwanga) kwenye boksi. Mwanga wake unaua kila kitu chenye rangi ya moto. Na mchana kanisa la mabati lina mwanga wa kila tundu, kwa hiyo wekeni igizo usiku. Kwetu jua linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima. Saa mbili kasoro robo mnaweza kuanza. Msizibe milango kwa mablanketi ili kupata giza mchana.

Sauti inafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtu mmoja akae na maikrofoni nyuma ya pazia akikunjakunja karatasi kavu ya nailoni, ile inayozungushiwa maua, na mwingine avunje vijiti vikavu mara mojamoja. Chini yake ngoma kubwa ipapaswe kwa kiganja, isipigwe, itoe mngurumo. Ngurumo hiyo pia inaficha sauti ya feni. Mfalme akisema “mara saba”, ongezeni feni, taa na ngoma kwa pamoja, halafu nyamazeni sekunde mbili. Askari nao wafundishwe joto. Mtu hukwepa joto kwa shavu na kwa mkono kabla ya kukwepa kwa miguu, anageuza uso, anafumba jicho la upande wa moto. Pakeni mafuta kidogo usoni na kifuani, wang’ae. Askari wanne wanaojua kuungua bila moto watawashinda karai kumi za petroli.

Moshi, mkiupata, uwe wa mashine ya jukwaani inayotumia maji na glikoli, na mpige kidogo tu, maana kanisa lililofungwa hujaa haraka na wenye pumu wataanza kutoka. Mdomo wa mashine unachoma, na sakafu ya mbele yake inateleza. Msiingize jiko la mkaa eti litoe moshi. Gesi ya mkaa huua, na haina harufu ya kukuonya. Barafu kavu pia iacheni. Ni hewa ya kaboni dioksidi iliyogandishwa kwa nyuzi 78 chini ya sifuri, na hewa hiyo isiyopumulika hukaa chini, mahali ambapo waigizaji wenu watakuwa wameanguka wamefungwa.

Umeme: soketi ya ampea 13 kwa volti 240 inabeba wati 3,000 hivi, na feni na LED zenu zote hazifiki huko. Tatizo huwa ni waya. Ekstensheni iliyobaki imezungushwa kwenye kikapu chake hupata moto. Ikunjueni yote, na msiipitishe chini ya zulia. Muziki upewe waya wake. Jenereta likae nje, mbali na madirisha. Umeme ukikatika katikati ya tanuru mtakuwa gizani na watu mia kadhaa, kwa hiyo wahudumu wanne wasimame na tochi milangoni tangu mwanzo.

Milango iwe wazi, bila kufuli, bila viti vya ziada kwenye njia. Sisi wa Uganda hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Kanungu, 17 Machi 2000, mamia walikufa kwa moto ndani ya jengo la ibada lililofungwa. Na usiku wa kuamkia 1 Januari 2023, barabara ya Entebbe, watu wasiopungua tisa walikufa bila moto wowote kuwagusa: walikanyagana kwenye ujia mwembamba wakienda kutazama fataki. Kabla ya igizo, mshereheshaji atangaze kwamba mtaona moto wa taa na kitambaa, kwamba hakuna kinachowaka, na kwamba milango iko huku na huku. Hamharibu utamu. Mtu mzima akiona ghafla ukuta mwekundu na moshi anaweza kupiga kelele “moto!”, na waliokaa nyuma hawataangalia jukwaa, wataangalia mlango.

Hata bila moto wa kweli, mtungi mmoja wa unga wa kuzimia moto uwe kando ya jukwaa, uliokaguliwa, na mtu anayejua kuchomoa pini. Ndoo ya mchanga pia, na blanketi lililoloweshwa. Satini ya dari ishusheni juu ya jukwaa siku hiyo. Najua akina mama wa mapambo watanuna. Nambari ya dharura ya polisi ni 999 au 112, ila nendeni kabla mkaongee na kituo chenu cha zimamoto cha karibu. Mtu akiungua kwa lolote, mimina maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete na saa, halafu hospitali. Dawa ya meno, unga na siagi vibaki nyumbani.

Wanaoigiza Mashahidi wa Namugongo kila tarehe 3 Juni wananiuliza mambo hayahaya, na kwao naongeza jambo moja: wale vijana Wakristo waliochomwa moto mwaka 1886 walifungwa kwenye mikeka ya matete, na waigizaji hupenda kufanya hivyohivyo, huku wamevaa lubugo, yaani nguo ya gome la mti. Vyote viwili vikikauka ni kuni. Mtu aliyefungwa ndani ya mkeka asiwe na mshumaa wala tochi ya moto karibu naye, hata ya kuzungushwa na kuondolewa, na fundo liwe la kufunguka kwa kuvuta mara moja.

Mtu wenu wa nne msimwache kwenye rangi ya machungwa. Taa moja nyeupe baridi imshukie kutoka juu peke yake, itulie kabisa wakati nyingine zote zinatikisika. Hadhira itamtofautisha kabla mfalme hajahesabu. Fanyeni mazoezi ya taa usiku mara mbili mkiwa na mavazi kamili, na mmoja wenu akae kiti cha mwisho nyuma, aone kama miali inaonekana juu ya vichwa vya watu. Kwenye bajeti, laki moja na nusu iende kwa seremala, vitambaa na waya, iliyobaki kwa kukodi taa. Feni waombeni washarika walete za nyumbani. Mkibakiwa na chochote, ongezeni feni ya tatu kwenye sanduku kabla ya kufikiria taa ya tano.